Tundu la Ndoana

Mama hali samaki wa nyavu. Anasema wamekufa kwa kusongwa na nyama yao ina huzuni. Anataka wa mshipi tu, na kabla ya kumpaa magamba humtia kidole gumba mdomoni kutafuta tundu la ndoana. Macho yake yamekwisha nguvu, lakini kidole kile bado kinaona.

Tangu baba afariki, miaka saba sasa, kazi ya kumvulia imekuwa yangu. Kila Ijumaa, nikishasali alfajiri, hutoka nyumbani Bawshar kwa gari hadi pwani ya Yiti, nikasimama juu ya jabali na mshipi mkononi. Nina miaka hamsini na mbili, magoti yameanza kunigomea, na wiki nzima nimeshinda ofisini nikitia saini karatasi za watu. Kiangazi kikianza, saa mbili tu ya asubuhi jabali limeshawaka, halikaliki. Samaki wana akili kunishinda, wamekwisha kimbilia kwenye kina.

Nikirudi mikono mitupu mama halalamiki. Husema tu, "Babaako hakupata kurudi mikono mitupu, Mungu amrehemu." Maneno hayo nikiyachukia. Baba nilimpenda sana, lakini kushindana na marehemu kunachosha.

Ijumaa moja, joto ndiyo kwanza linaingia, nilikata tamaa mapema. Chambo kilikwisha, shati limenigandia mgongoni. Wavuvi walikuwa wakishusha samaki wa nyavu pale pwani, nikanunua changu mmoja mnene. Ndani ya gari nikatoa ndoana, nikamtoboa mdomo wa chini, katikati kabisa. Mtu mzima, mwenye wajukuu, namtoboa samaki kwa siri! Niliona haya, ila usingizi ulizidi haya.

Nyumbani mama alimpokea changu wake jikoni, akatia kidole. Kikakaa humo muda mrefu.

"Nani kakufundisha kutoboa hapa?"

Nikaanza kujitetea kwamba ndoana ilimshika vibaya. Akanikata kauli.

"Ndoana hushika pembeni, mwanangu. Babaako alikuwa akitoboa pembeni, khasa miezi hii ya joto."

"Baba? Kwani alikuwa akinunua?"

"Akichoka, akinunua. Nnajua tangu zamani."

"Na wewe ukila?"

"Nikila. Mtu kaamka alfajiri kwa ajili yangu, nimwambie nini?"

Nilivuta kiti nikakaa, mikono inanuka chambo, na machozi yakanitoka. Miaka saba nimejipima na mtu ambaye hakuwapo. Baba naye alikaa ndani ya gari na samaki wa kununua mapajani, amechoka kama mimi, akiogopa kidole hikihiki.

Mama alikuwa ameshaanza kupaa magamba.

"Nenda kalale," akasema. "Ijumaa ijayo nunua tu. Lakini usiache kunitobolea."