Mchumba Wangu Alinitengenezea Geimu, Sasa Naogopa Kuolewa

Habari admin. Nifiche tafadhali, Karatu ni ndogo. Naandika kwa simu ya rafiki yangu, sababu mtaiona mbele.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na saba, Mwiraqw, nauza kwenye duka la steshenari hapa mjini. Nimechumbiwa na kaka mmoja fundi wa kompyuta na simu. Mpole, hanywi, kanisani hakosi. Ng'ombe wa mahari wameshaingia zizini kwa baba, na harusi ni baada ya mavuno.

Mwezi uliopita aliniletea flashi dukani. "Nimekutengenezea geimu mpenzi. Mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho." Nilifurahi jamani! Nani huku ametengenezewa geimu na mchumba? Ni kageimu kadogo, picha za viboksi tu, vitufe viwili. Mshale unamtembeza dada mwenye sketi nyekundu. Kile kitufe kirefu cha chini kinamsimamisha ageuke nyuma. Basi.

Wateja walipopungua nikacheza. Nikamsimamisha dada, akageuka, kwa mbali kuna mwanaume amesimama. Nikatembea, nikageuka tena, yule mtu amesogea. Nikasema ngoja nisigeuke kabisa. Dada akafika nyumbani, akafungua mlango, mwanaume yumo ndani, amekaa. Skrini ikawa nyeusi. Nilirudia mpaka vidole vikachoka, mwisho ni uleule.

Alipokuja nikamuuliza, "Mbona hakuna namna ya kushinda?"

Akatabasamu. "Ipo. Atulie nyumbani."

Nilicheka. Lakini nilipocheza tena ndipo nikaiangalia ile njia vizuri: mikaratusi, kanisa, kidaraja cha korongoni, nyumba ya bati la bluu. Ni njia yangu ya kurudi nyumbani kutoka mazoezi ya kwaya. Hajawahi kunisindikiza huko hata siku moja, siku zote husema ana kazi nyingi.

Nikabadilisha njia. Sikumwambia mtu yeyote, nikawa nazunguka nyuma kwenye mashamba ya mbaazi. Wiki iliyofuata akaja tena. "Nimeiboresha, icheze." Nilifungua. Dada wa sketi nyekundu alikuwa anapita katikati ya mbaazi.

Nikamwendea mama. Akaniangalia kana kwamba nimechanganyikiwa. "Hakupigi, hakutukani. Nikamwambie baba yako arudishe ng'ombe za watu kwa sababu ya mchezo wa kompyuta? Mwanangu, huyo anakupenda mpaka anakuchora." Na kweli, ukiulizwa amekukosea nini, unajibu nini?

Nilikuwa najua kwamba kabla yangu alichumbia dada mmoja wa Kimasai, mwenyeji wa Malambo. Mwenyewe alisema uchumba ulivunjika kwa sababu ya wazee. Namba yake nikaipata kwa mtu aliyewahi kufanya kazi na huyo dada kwenye loji ya watalii, nikampigia. Nilijitambulisha tu kuwa mimi ndiye mchumba wa sasa, sikutaja geimu hata kidogo.

Akaniuliza, "Ameshakutengenezea mchezo?"

Nikamwambia ndiyo.

"Kwenye wa kwangu nilikuwa nachunga mbuzi," akaendelea. "Dada yangu, unanipigia kwa simu gani?"

"Yangu."

"Nani aliitengeneza mara ya mwisho?"

Ni huyu huyu mchumba wangu. Kioo kilipasuka, akakaa nayo siku nzima. Kabla sijajibu, yule dada akakata. Nimejaribu tena na tena, hapatikani.

Kesho yake asubuhi nikaenda kufungua duka, nikamkuta mchumba wangu barazani ananisubiri na maandazi ya moto. Akanisaidia kuinua shata la mlango, akafagia, akanimiminia chai kwenye kikombe. Halafu akaniuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Malambo kukoje siku hizi?"

Akasubiri nimalize chai, akaosha kikombe, akaondoka.

Jumapili tunatangazwa kanisani mara ya mwisho. Nyumbani wameshaanza kualika ndugu. Nikisema nakataa, sina jeraha la kuonyesha, sina hata neno baya la kumshitakia. Nikikubali, nitakuwa namfungulia mlango maisha yangu yote. Ndugu zangu, wenye kujua haya mambo semeni, nianzie wapi na nimwambie nani atakayeniamini kabla ya Jumapili?