Kasi Aliyoifunga Mume Wangu

Kazi yangu ni kutengeneza video za harusi na matanga. Nimezoea kulilia watu nisiowajua huku nikikata na kuunga picha zao, kisha naosha uso na kupika. Ya mume wangu ndiyo iliyonishinda.

Mama mkwe aliitaka kwa ibada ya kumbukumbu, mwaka ulipotimia tangu tumzike kule Subukia. Ibada ilikuwa Jumamosi. Kwetu, kumbukumbu isiyo na video ya marehemu huwaacha watu wakinung'unika, na manung'uniko hayo humwangukia mjane. Alhamisi asubuhi nilimaliza kupanga picha, nikaiachia laptopu iziunge ziwe video moja. Ikatambaa. Mchana wote ulipita kabla haijavuka pale anapocheka akimkama ng'ombe wa mamake.

Nilitazama kipimo kwenye skrini. Kilisema prosesa inafanya kazi kwa kasi yake yote. Kama hiyo ndiyo yote, niliiambia kwa hasira, basi na wewe umezeeka. Kesho yake asubuhi nikaibeba hadi kwa fundi mjini.

Fundi aliandika maneno machache kwenye dirisha jeusi la skrini, akasoma, akacheka.

"Mathe, hii haina ugonjwa. Kuna mtu aliifunga speed."

"Na mbona inasema iko full?"

"Ile driver ya kuendesha processor inareport tu vile imeambiwa. Processor yenyewe inaweza kwenda mbio sana, lakini imewekewa mwisho, karibu nusu. Ikifika hapo, kwake hiyo ndiyo full. Na huyo mtu alifanya ijifunge kila ukiiwasha. Ni nani mwingine hushika hii mashine?"

Mwingine alikuwa mmoja tu.

Mume wangu alitunza kompyuta za chuo kimoja hapa mjini, na ugomvi wetu wa miaka ulikuwa juu ya mapaja yangu. Mimi hufanyia kazi kitandani, laptopu mapajani, leso ya kujifunga kiunoni chini yake, kwa sababu meza huniumiza mgongo. Leso huziba matundu ya hewa, mashine ikapata moto, nami nikaungua. Siku alipoona alama nyekundu pajani alifoka, "Wewe mama, weka hiyo kitu kwa meza! Unataka ikupike?" Nikamwambia aende akaoe meza. Alicheka, na tangu siku hiyo hakunifokea tena. Sikuungua tena pia. Nilidhani ngozi imekomaa, na mashine imeanza kuzeeka.

Kumbe alikuwa ameamua kwamba kama mimi sitasikia, mashine itasikia. Akaifanya iende polepole, isipate moto, na hakuniambia, maana angeniambia ningebisha.

"Niifungue?" fundi akauliza.

Nilitaka kusema hapana. Nguo za mume wangu zilikuwa zimeshagawanywa na ndugu zake, koti kwa huyu, viatu kwa yule, kama ilivyo desturi. Kifungo hiki kilikuwa changu peke yangu, na ndiyo kwanza nakijua. Lakini ibada ilikuwa kesho, na uso wake ulikuwa umekwama humo ndani, mdomo wazi, kicheko hakijaisha. Mamake alikuwa akikingoja kicheko hicho.

"Fungua," nikasema. Nikaangalia pembeni alipokuwa akifuta maneno ya mume wangu yaliyoifunga mashine, kwa sababu sikutaka kulia mbele ya mtu.

Jioni niliketi kitandani kama kawaida yangu, leso chini ya laptopu. Feni ikavuma. Video ikasonga mbio, naye akacheka hadi mwisho, akampigapiga ng'ombe mgongoni. Mapaja yalianza kupata moto, kisha yakaanza kuuma. Meza ilikuwa palepale karibu na mlango. Sikuinuka. Nilikaa nikiungua, nikingoja anifokee.