Dumu la Mafuta Chini ya Kitenge

Mnicheke tu. Mtu wa kushinda ndani kama mimi nilitafuta nini kwenye kulinganisha maduka?

Nilianzia duka kubwa la mjini, lenye kiyoyozi na wahudumu wa kukuita dada. Nikanunua dumu la mafuta ya kula. Natoka tu, jirani yangu akanitania: "Umelipia ubaridi! Igoma ni bei ya chini." Roho ikaniuma, nikaenda duka la Igoma, nje kidogo ya mji, kuhakikisha.

Kule mzigo wa nje hauingii, unauacha mlangoni, na foleni ya kuacha mizigo ilikuwa juani. Kwa uvivu wangu nikalifunga dumu tumboni kwa kitenge, nikajitanda kingine juu.

"Pita, mama, pole na hali," mlinzi akasema.

Wateja wakanipisha. Mmoja akanivutia kiti. Kila nilivyozidi kunyamaza, mimba ilizidi kukua.

Mafuta yaleyale nikayaona, kweli bei ya chini. Nikageuka nikimbie. Mama mkwe huyu hapa, na sukari yake mkononi.

"Mwanangu! Tunaomba miaka yote, kumbe unanificha?" Machozi yakamlengalenga.

Kwetu Usukumani mkwe hasalimiwi kwa kusimama. Goti likashuka lenyewe.

"Shikamoo, mama."

Fundo likafunguka. Dumu likabingirika mpaka miguuni kwa mlinzi. Akaliinua, akasoma stika kwa sauti: "La duka la mjini hili!"

Duka zima likacheka. Mama mkwe akalitazama dumu, kisha tumbo langu.

"Marahaba," akajibu, taratibu.