Mwizi Niliyemwona Nje ya Usinge

Bora nilisimulie mwenyewe kabla hamjalisikia kwa wengine, maana aibu yangu ilisikiwa na kijiji kizima nje ya Usinge pamoja na msikiti mzima wa Morogoro, siku moja, wakati mmoja, na kila aliyeisikia ana chumvi yake ya kuongeza.

Mimi nina ugonjwa wa kuondoka. Nilitoka Morogoro kwa treni nikiaga naenda Tabora wiki mbili tu, kuiona ile njia ya misafara ambayo babu wa babu yangu aliipita na pembe ya ndovu begani, nikapanga chumba mtaa wa Chemchem, nikabebea watu mizigo mtaa wa Mtendeni (hiyo kazi kwetu tunarithi), halafu nikapanda tena treni ya kwenda Kigoma, nikashuka Usinge kwa sababu nilipenda harufu ya asali waliyokuwa wanauza dirishani. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine. Nikaingia ndani zaidi mpaka kijiji kimoja ambacho hakimpi mgeni kibarua cha tumbaku mpaka ajiunge na sungusungu, jeshi la ulinzi la wanakijiji wenyewe. Nikaletewa mkataba: miezi kumi na miwili, upinde mmoja, mishale sita, filimbi moja. Kulikuwa na ukurasa wa pili, nikaupita kama mtu anavyopita msiba asioujua.

Mwaka ukakaribia kuisha bila hata kuku kuibwa. Wakati huo binti yangu Zuhura, ambaye mahafali yake yote mawili yalinikuta safarini, akanipigia simu.

"Baba, ndoa ni Ijumaa baada ya swala. Wewe ndiye walii wangu, wa kuniozesha. Usipokuja safari hii, mimi sitakupigia tena."

"Nakuja, mwanangu. Mkataba unaisha Jumatatu, Jumanne nipo kwenye treni."

Jumatatu saa kumi jioni nikawa nimekaa juu ya kichuguu, zamu ya mwisho, natazama moshi ukitoka kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, na ule ugonjwa mwingine wa kukumbuka mahali kabla sijapaacha ukanishika. Nikaitazama filimbi. Mwaka mzima nimeivaa shingoni kama hirizi na sijaipuliza hata mara moja, kesho narudisha. Nikasema moyoni, kidogo tu, ya kuagia.

Sasa kule filimbi haipulizwi kidogo. Ikijibiwa na mmoja inajibiwa na wote, na kabla sijashuka kichuguuni wanaume kama mia mbili walikuwa wamenizunguka na pinde, wengine wana povu la sabuni masikioni. Mbele yao Kamanda Masanja, mtu mpole anayetisha.

"Mluguru," akaniita kwa kabila langu, "umeona nini?"

Hapo ndipo ningesema ukweli, nikalipa faini ya mbuzi, yakaisha.

"Mtu," nikasema.

"Anafanya nini?"

"Anakimbia."

"Na nini?"

"Na kitu."

Katibu wa sungusungu akautoa mkataba wangu mfukoni (alikuwa nao tayari anifutie jina), akasoma ukurasa wa pili mbele ya wote: pakitokea dharura, muda wa kila askari unaendelea, apende asipende, mpaka dharura itangazwe kuisha. Watu wakanipa pole. Kamanda akanishika bega. "Na kwa kuwa wewe ndiye uliyemwona, utaongoza msako."

Nikaongoza. Wakapima nyayo kwa kijiti, wakazifuata kwa ustadi mkubwa kutoka kichuguuni mpaka mlangoni kwangu, wakakata shauri kwamba jambazi ananiwinda mimi, nikapewa vijana wawili wenye mishale wanilinde usiku na mchana. Hata chooni. Jumanne tukiwa msituni nikaisikia treni ikipita, nikaisindikiza kwa masikio mpaka ikaisha.

Jioni, nilipofika penye mtandao, simu ikaita, na Zuhura hakusubiri salamu. "Baba, upo treni?"

"Nipo vitani, mwanangu."

Akakata.

Alhamisi Mama Shija, muuza chai, akajitokeza kutoa ushahidi. "Huyo mtu namjua. Alikunywa chai kwangu Jumapili. Mrefu, mwembamba, kofia ya buluu iliyopauka, anatembea kama aliyesahau kitu nyumbani."

"Mluguru, si ndivyo alivyo?" Kamanda akauliza.

"Ndivyo," nikasema, huku naikunja kofia yangu mfukoni.

"Na kasema kwa lafudhi ya pwani pwani," mwingine akadakia.

"Basi ni wa kwenu huko."

"Kwetu watu ni wengi, Kamanda."

Ijumaa mchana tukaitwa wote mlangoni kwa ghala la tumbaku, mahali pekee penye mtandao, na katibu ndiyo kwanza anaanza kusoma sifa za mwizi, simu yangu ikaita. Sikio la simu ile lilishakufa, inasikika kwa kipaza sauti tu. Kijiji kizima kikasogea kusikiliza.

"Assalamu alaikum. Wewe ndiye baba yake Zuhura?" Alikuwa shehe. "Bwana harusi amekaa, mashahidi wamekaa. Ndugu yako Shomari anataka kuozesha, lakini uwakala wa kusikiasikia mimi sipokei. Una udhuru gani?"

Kabla sijafungua mdomo Kamanda akainamia simu. "Shikamoo shehe. Huyu ni askari wetu, tupo kwenye dharura. Kuna mwizi."

"Marahaba. Kaiba nini?"

Kamanda akanitazama. "Kaiba kitu."

"Kitu gani?"

Siku nne, na hakuna aliyekuwa ameuliza. Watu mia mbili wakanigeukia, na mia nyingine wanapumua ndani ya simu, na binti yangu amekaa mahali ananisubiri. Nikasema. "Shehe, hakuna mwizi. Nilipuliza filimbi kwa kupenda tu, nikaona haya, nikadanganya."

Kule Morogoro mtu akacheka. Kicheko cha Shomari nakijua. Kikasambaa msikiti mzima, shehe akakohoa mpaka kikatulia.

"Basi udhuru wako ni ujinga," akasema, "nao ni udhuru. Mpe ndugu yako uwakala."

Nikampa, na ndoa ikafungwa huku wapiga upinde mia mbili wakiitikia amina, Wamoraviani kwa Wakatoliki.

"Mama Shija," Kamanda akasema simu ilipokatika, "wewe ulimwona nani?"

"Si huyu huyu. Mlitaka nimwone nani?"

Katibu akapekua, akakuta kwamba kama dharura haikuwepo basi mkataba wangu uliisha Jumatatu, kwa hiyo siku nne zote nimekaa kijijini kama mgeni asiye na kibali. Nikatoa mbuzi, nikapewa mpaka kesho niwe nimeondoka.

Jumamosi wale vijana wawili wakanifikisha stesheni na kusimama mpaka treni ikaondoka, na sijarudi tena. Tangu hapo mahali nikitaka kuondoka naondoka, siagi kwa mbwembwe, na karatasi naisoma mpaka muhuri.

Siku ile, treni ilipopita Urambo, simu ikaita. Sauti ya kijana nisiyoijua.

"Shikamoo baba. Mimi ni mume wa Zuhura. Yeye anasema aliapa hatapiga, ndiyo maana nimepiga mimi. Anauliza, utafika au utapita?"

"Nitafika."

Nikamsikia mwanangu kwa nyuma, "Muulize tena."

Akaniuliza tena.