Mume Wangu Alikwepa Gharama za Krismasi kwa Kusema Nina Mimba

Admin, nifichie jina, na kijiji changu usikitaje kabisa, maana mume wangu naye anafuata ukurasa huu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, fundi cherehani, naishi Mwembesongo hapa Morogoro na mume wangu wa ndoa. Hatuna mtoto. Nimewahi kushika mimba mara mbili na zote zilitoka. Nalisema hilo mapema ili mnielewe huko mbele.

Kwetu ni juu milimani, Uluguru. Kila Krismasi sisi ndio tunapanda na sikukuu: mchele, mafuta, sukari, nyama, kitenge cha mama, shati la mjomba, soda za watoto wa ukoo mzima. Ukiishi mjini, watu wa nyumbani wanaamini pesa unazikinga bombani. Mwaka huu mkataba wa mume wangu kiwandani uliisha na haukuongezwa. Kwangu nako wateja wanaleta nguo za mwaka jana nizipunguze au nizitanue, mpya hawashoni. Tukakaa, tukakubaliana tubane matumizi, safari hii hatupandi. Nikasema nitamwambia mama ukweli kwamba hali ni ngumu, mama yangu ni mkulima na shida anazijua. Mume wangu akagoma. "Yaani wakwe wajue sina kazi? Kwa heshima gani nitakanyaga tena kule?"

Mama alipopiga simu kuuliza tunapanda lini, nilikuwa nimeinamia cherehani. Mume wangu akaiwahi. "Shikamoo mama. Mwaka huu tutashindwa kuja. Mwenzangu ana ujauzito, daktari amemkataza kusafiri, na barabara ya huko si unaijua." Kabla sijageuka, simu nimeshawekewa sikioni, na mama ananiuliza kwa sauti ndogo, "Ni kweli, mwanangu?"

Nikasema ndiyo, mama. Hadi leo najilaumu kwa hilo neno. Niliona aibu kumuumbua mume wangu kwa mkwewe, nikadhani uongo wenyewe ni wa sikukuu tu, utapita. Mama akaanza kulia kwa furaha nikashindwa hata kumuaga.

Kwa msiojua, kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na ardhi ya ukoo inapita huko huko. Mimi ndiye binti pekee wa mama yangu. Mjomba alishasema lile shamba la bondeni analolima mama litakuja kuwa la mabinti wa mama mdogo, kwa sababu upande wetu hauna wa kulirithi baada yangu. Mama alipompelekea habari, mjomba akasema basi, shamba lisubiri. Kwa hiyo mambo yalishatoka kwenye mchele na soda.

Wiki ya Krismasi nasikia hodi. Ni mama, na jogoo, viazi, karoti na unga wa lishe. Ameuza mbuzi wake wa maziwa ili mimi nile vizuri. "Kama wewe huwezi kuifuata sikukuu, nimekuletea," akasema. Akaongeza kwamba haondoki mpaka nijifungue.

Nyumba yetu ni chumba na sebule. Mama analala na mimi kitandani. Mume wangu, mtu mrefu yule, anajikunja kwenye kochi la watu wawili, na wala simwonei huruma. Krismasi tulikula kuliko mwaka wowote, tena kwa pesa ya mbuzi wa mama. Siruhusiwi kuinua ndoo. Siruhusiwi kukanyaga cherehani, eti nitamchosha mtoto, kwa hiyo hata kile kidogo nilichokuwa naingiza kimekatika. Na juzi nimeingia kwenye siku zangu. Nafua vitambaa kwa kujificha bafuni, naanika chini ya nguo za wateja. Namkwepa mama yangu mzazi ndani ya chumba kimoja.

Nikamvuta mume wangu nje nikamwambia nimechoka, aende akaseme ukweli. Akajibu huku anachokonoa meno, "Sema imetoka. Si zile mbili zilitoka? Atazoea." Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia pale. Nilipokataa, akasema nikimuumbua kwa wakwe nisimhesabu tena kama mume. Na mjomba anashuka mwaka mpya kuja kuniona.

Jana mchana mama alikuwa ananisuka. Nikajikaza. "Mama, kuna kitu nataka kukwambia."

Akanishika bega. "Najua, unaogopa. Zile mbili ulilia peke yako huku mjini, ukaja kuniambia yameshapita. Mimi nimekuja ili safari hii, hata kama ni kulia, tulie wote."

Nikamrudishia kitana, naye akaendelea kusuka.

Sasa ndugu zangu, nikisema imetoka, mama atalia machozi ya kweli kwa mtoto ambaye hakuwahi kuwepo, na atanibembeleza mimi niliyemdanganya. Nikisema ukweli, ndoa yangu sina, na sijui kama mama ataniangalia tena usoni. Nikikaa kimya, tumbo lenyewe litanisema. Nampenda mama yangu, na mume wangu bado sijui kama nampenda. Nishaurini, nimwambieje mama? Ila msiniambie nisubiri, maana asubuhi hii ametoka kununua uzi, sasa hivi amekaa mlangoni anafuma kofia ya mtoto.