Sikosei na Mnyama wa Miiba

Mume wangu wanamwita Sikosei, na jina hilo hakupewa kwa kupendwa. Akizidisha chumvi, basi mboga yenyewe ilikuwa na hamu ya chumvi. Tukipotea njia, barabara imehamishwa. Miaka thelathini naishi naye, jamani, na neno "nimekosea" sijalisikia likimtoka hata kwa bahati mbaya.

Sote wawili tunafanya kazi makumbusho. Mimi nasafisha vioo: siki kidogo kwenye maji na gazeti kuukuu, basi, vinang'aa. Yeye ni seremala. Anatengeneza sanamu za viumbe vya kale katika chumba cha bahari ya kwanza, zaidi ya miaka milioni mia tano iliyopita, wakati nchi kavu ilikuwa mawe matupu, hakuna jani wala unyasi, na wanyama wote walikuwa majini. Kipenzi chake ni mnyama mmoja wa miiba. Mwenyewe hakufika hata urefu wa kidole, lakini Sikosei alimchonga mkubwa kama mbuzi, akamsimamisha juu ya miiba ya spoki za baiskeli, na mgongoni akambandika vipande vya mpira laini vinavyochezacheza. Miaka ishirini amewaeleza watoto wa shule jinsi alivyotembea: "Tik, tik, tik, juu ya mchanga!" Na kutembea kwenyewe anawaonyesha, na tumbo lake lile.

Sasa, tuna binti mmoja, mwalimu wa darasa la nne. Alipotaka kuolewa na kinyozi, baba yake alikataa katakata. "Huyo hamalizi mwaka, atakurudisha na mabegi yako." Harusini hakukanyaga. Huu ni mwaka wa saba, kinyozi yupo, anampenda mkewe, na wajukuu wawili tumepata. Binti yangu aliniambia, "Mama, siku baba akikiri alikosea, nitakuja nyumbani na watoto. Kabla ya hapo tutaonana mimi na wewe tu." Kwa hiyo Sikosei anawaona wajukuu kwenye simu yangu, akijifanya anatafuta miwani. Kusema kweli roho ilikuwa inaniuma.

Mwezi uliopita akaja mtaalamu wa visukuku, yale mabaki ya viumbe yaliyogeuka jiwe. Msichana mdogo tu, mpole. Akamzunguka yule mnyama mara mbili, akakohoa.

"Mzee wangu, samahani. Huyu amepinduliwa. Miiba ilikuwa mgongoni, ya kujikinga. Hivi vya mpira ndivyo miguu."

"Haiwezekani."

"Na kichwa... kichwa umekiweka mkiani."

Nikainama nyuma ya ndoo yangu, nikacheka mpaka machozi. Sikosei hakucheka. Mtaalamu akamwekea jiwe lenyewe lenye mabaki ya mnyama huyo chini ya lenzi, na picha za mawe mengine yaliyoonyesha kucha ndogo kwenye miguu ile laini. Akatazama saa nzima. Kisha akaenda kuchukua msumeno. Nilipomuuliza kama alikosea, alisema sanamu ilihitaji ukarabati. Mtu huyu!

Wiki iliyofuata shule ya binti yangu ikaja kutembelea. Kila mwaka humtuma mwenzake alete darasa, lakini safari hii mwenzake aliugua, ikabidi aje mwenyewe. Akasimama mlangoni. "Shikamoo, baba," akauambia ukuta. "Marahaba," baba akaviambia viatu vyake.

Sikosei akaanza kueleza: miiba juu, miguu chini. Mtoto mmoja akanyoosha mkono.

"Babu, mbona dada yangu alisema huyu mnyama alitembea kwa miiba? Alikuja hapa mwaka jana."

Nikaacha kufuta kioo. Namjua mume wangu. Jibu lilikuwa tayari ulimini, kwamba dada hakusikiliza vizuri. Akafungua kinywa. Akamtazama binti yake pale mlangoni.

"Dada yako alisema nilichomwambia. Mimi ndiye niliyekosea."

Mungu wangu! Nilishika ndoo nisianguke.

"Miaka mingapi?" mtoto akauliza.

"Ishirini. Miguu juu, kichwa nyuma."

Wakaangua kicheko, naye akasubiri kiishe. Kisha akasema, "Na lipo kosa jingine, lina miaka saba. Mwalimu wenu ni mwanangu. Nilimkosea. Na mume wake nilimkosea zaidi."

Darasa zima likageuka kumtazama mwalimu. Binti yangu akajifunika uso kwa daftari la mahudhurio. Alipolishusha, macho yalikuwa mekundu.

"Jumapili tutakuja, sote wanne," akasema. "Lakini baba, watoto hawakujui. Itabidi ujitambulishe."

Na Sikosei, ambaye tangu nimjue hajawahi kumuuliza mtu kitu, akanigeukia mbele ya watoto wote wale.

"Mke wangu, nitawaambia mimi ni nani?"