Duara Lisilofagiwa

Saa tatu asubuhi, ukumbi wa abiria umefurika. Treni ya kwanza imechelewa, kama ilivyo desturi yake, na watu wamejibanza kwenye mabenchi na juu ya mizigo yao. Katikati yao mwanamke mwenye ovaroli la kijani anasukuma ufagio mpana huku akiomba njia.

"Miguu, baba. Miguu, dada. Asante, Mungu akutunzie hiyo miguu."

Anafika kwenye nguzo iliyo karibu na dirisha la tiketi, anasimama. Chini ya benchi kuna begi la bluu. Benchini wamekaa watu watatu, na hakuna hata mmoja anayeonekana kulijali.

"Jamani, begi hili la nani?" anauliza. Anarudia kwa sauti zaidi. Wale watatu wanatazamana na kutikisa vichwa.

Hapo anafanya jambo ambalo mgeni angedhani ni uvivu. Anawaomba wale watatu wanyanyuke taratibu na wasogee kule kwenye lango la treni. Kisha anarudi nyuma na kuanza kufagia kwa kulizunguka lile begi, bila kulikaribia. Muda si mrefu sakafu yote inang'aa, isipokuwa duara moja lililobaki na vumbi, maganda ya karanga na vipande vya tiketi.

Mlinzi aliye mlangoni analiona duara. Haulizi kitu. Ananyanyua simu yake ya upepo, na wenzake wanaanza kuwatoa watu nje, benchi baada ya benchi.

Ndiyo sababu stesheni nzima, kuanzia mkuu wake hadi wapagazi, inamwita Mama Duara. Jina lake halisi analisikia siku ya mshahara tu.

"Ukipiga kelele hapa ndani, watu watakanyagana," ananieleza mimi, mwandishi, tukiwa nje, amejiegemeza kwenye ufagio wake. "Na mimi nikiacha kazi nikimbilie kwa mlinzi, nani atawatoa wale waliokaa karibu? Duara linasema lenyewe. Sisi wafagiaji wote tunalijua, na walinzi wanalijua."

Viongozi husema kila siku kwamba usalama wa nchi ni jukumu la kila raia. Maneno hayo yameandikwa hata kwenye bango kubwa juu ya lango la stesheni. Mama Duara analitazama bango hilo na kucheka kidogo. "Ni kweli. Serikali ina macho mengi, lakini hayapigi deki humu. Anayepita chini ya mabenchi ni mimi."

Safari hii begi lina mwenyewe. Baba mmoja kijana anakuja mbio, mtoto mgongoni, chupa ya maziwa mkononi. Alikwenda kutafuta maji ya moto. Walinzi wanamwamuru afungue begi mbele ya umati: nepi, blanketi, kiatu kimoja kidogo. Kijana anaambiwa nani aliyetoa ishara, anamgeukia Mama Duara kwa hasira.

"Umenidhalilisha, mama. Nimeonekana mhalifu mbele ya watu wote hawa."

"Nisamehe, mwanangu," anajibu Mama Duara. "Siku nyingine mwachie mtu begi, hata mimi. Mtoto hajambo?"

Kijana analifunga begi lake. Anaondoka bila kugeuka nyuma, na Mama Duara anamsindikiza kwa macho. Tusijidanganye kwamba maneno kama hayo hayamuumi. Yanamuuma. Anasema mara nyingi zaidi ni hivi, begi la mtu aliyesahau au aliyekwenda msalani, na kila mara kuna mtu wa kuombwa radhi.

Kuna jambo moja hataki mchezo nalo. Mwaka jana abiria fulani walimkaba mzee mmoja kwa sababu tu ya kanzu yake na ndevu zake, wakimwambia afungue sanduku. Mama Duara alijipenyeza katikati yao na ufagio wake na kuwauliza mzee kakosa nini. Sanduku alikuwa amelishika mkononi.

"Mimi sitazami mtu kavaa nini," anasema. "Natazama mzigo usio na mwenyewe. Mzigo hauna kabila wala dini. Ukianza kutazama sura, utamwonea mtu, na huyo mwenye nia mbaya atapita pembeni yako anakusalimia."

Hakujifunza hayo kwenye semina. Aliyalipia, au kwa usahihi zaidi, aliyeyalipia ni wifi yake.

Miaka sita iliyopita walikuwa wakifagia ukumbi huu pamoja. Wifi yake, dada wa mumewe, ndiye aliyemtafutia kazi hii. Wafagiaji walimpachika jina la Kengele, kwa kuwa akiita mtu upande huu wa ukumbi, upande wa pili wanageuka wote.

Asubuhi hiyo Kengele alikuta begi jeusi katikati ya njia. Alifanya ambacho mfagiaji yeyote angefanya. Kwa mfagiaji, mzigo ulio sakafuni ni kitu cha kusogezwa ili ufagio upite, na Kengele alikuwa amesogeza mizigo ya watu maisha yake yote. Aliliburuta hadi nyuma ya nguzo, mahali pasipopitwa na watu, akainama kuliegemeza vizuri lisianguke.

Lililipuka akiwa amelishika mkanda.

Nguzo ilizuia sehemu kubwa ya mlipuko. Abiria kadhaa waliumia, lakini hakufa mtu. Kengele alipoteza mkono wa kulia na usikivu wa sikio moja. Mama Duara, aliyekuwa akisuuza tambara la deki upande wa pili, ndiye aliyemfunga kwa kitambaa chake cha kichwa. Mpaka leo hapendi kuelezea. Anasema tu, "Nilimfunga, nikamshika."

Magazeti yalimwita Kengele shujaa aliyejitoa kuokoa abiria. Nilipomtembelea nyumbani kwa kaka yake, mume wa Mama Duara, anakoishi tangu siku hiyo, neno hilo ndilo alilolikataa kwanza.

"Sikuokoa mtu, mwandishi. Nilitaka kufagia. Wangeniita mzembe ningeelewa, lakini shujaa? Naliona jina hilo kama nguo ya mtu mwingine."

Chumba ni kidogo: kitanda, cherehani iliyofunikwa, meza yenye redio. Mama Duara amekaa kitandani akimsuka wifi yake nywele, kwa kuwa mkono mmoja hausuki. Mshahara wa ufagio unalisha watu watano katika nyumba hii, na mume ni kibarua asiye na uhakika wa kesho. Lakini njaa siyo iliyowaweka macho wiki hii.

Mtangazaji wa stesheni anastaafu. Mkuu wa stesheni, anayeikumbuka sauti ya Kengele, amempa nafasi hiyo. Aanze Jumatatu, la sivyo atatafutwa mwingine. Kazi yenyewe ni kutangaza treni zinazoingia na kutoka, na kumwita mwenye mzigo pale duara linapoonekana.

Kengele ameanza mazoezi tayari. "Abiria wa chakula cha jioni, sogeeni mezani," ananguruma, mpaka jirani anagonga ukuta. Kisha anamwita kaka yake ambaye bado hajarudi. "Kaka, wewe umechelewa. Treni yako imeshaondoka."

"Unaona anavyonitesa?" anasema Mama Duara. "Nilidhani nimeolewa na kaka mtu peke yake."

Wanacheka wote wawili, kisha kicheko kinawaishia. Chumba cha matangazo kiko mwisho wa ukumbi, ng'ambo ya ile nguzo. Tangu atoke hospitali, Kengele amejaribu kuingia stesheni mara mbili. Mara ya kwanza miguu ilimgomea chini ya bango. Mara ya pili alifika mlangoni, akaona sanduku limeegemezwa ukutani, akarudi nyumbani kwa miguu njia nzima, akisahau hata kupanda basi.

"Kazi naitaka," anasema, macho yakiwa mlangoni. "Nimechoka kulishwa na ufagio wa wifi. Ila ule ukumbi, sijui."

Mama Duara anafunga msuko wa mwisho. Nia yake ni moja tu, na ameshaipanga. Jumatatu ataingia kazini mapema kuliko wote. Atafagia njia yote kutoka mlangoni hadi chumba cha matangazo, pamoja na nyuma ya nguzo. Kila mzigo utakuwa mikononi mwa mwenyewe, hata ikibidi kumwomba abiria mmoja mmoja. Ndipo atakapokwenda mlangoni kumchukua wifi yake, ashike ule mkono uliobaki.

"Nitakupitisha mahali pasafi mwanzo hadi mwisho," anamwambia.

Kengele anapapasa misuko yake kwa vidole vya mkono wa kushoto.

"Pawe pasafi kweli, wifi," anasema. "Maana nikiona vumbi mahali, narudi."